Karani Aliyefuta Alama za Mshangao

Mtu aliyenifundisha kuuza makochi mtandaoni hakuwa na simu ya kuingia mtandaoni. Alikuwa na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe inayokaa na chaji siku nne, na hata hiyo aliiweka ndani ya droo pamoja na mihuri na pini. Tulimwita Karani. Alikuwa amepiga taipu katika ofisi moja ya mjini mpaka akastaafu, kisha akakodi chumba mtaa wa Umoja, hatua chache kutoka barabara ya Outer Ring, akaweka kompyuta nne, printa moja na benchi ya kusubiria. Watu wengi waliingia katika saiba yake, yaani duka hilo la kompyuta, kutoa kopi au kujaza fomu. Sisi wenye biashara ndogondogo tuliingia kwa sababu ambayo haikuandikwa kwenye kibao cha nje: ukimwonyesha tangazo lako, alikuambia lina shida gani.

Mimi ni fundi wa makochi. Kwa miaka mingi tangazo langu lilikuwa kochi lenyewe. Naliweka kando ya barabara asubuhi, mtu anapita, analikalia, anauliza. Barabara ilipopanuliwa tukasukumwa nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta hapapiti mtu ila anayetafuta pa kujisaidia. Mke wangu ndiye aliyesema niende kwa yule mama wa saiba.

Nilikwenda na tangazo nililokuwa nimeliandika mwenyewe. Lilisema makochi mazuri sana, bei poa, karibuni wote, na kila baada ya maneno mawili nilikuwa nimeweka alama tatu za mshangao. Karani aliliandika kwenye kompyuta lote kama lilivyokuwa, kwa vidole kumi, bila kutazama vitufe. Kisha akalisoma kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma dawa.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Mbona unapiga nduru?"

Akaanza kuzifuta zile alama, moja moja. Ilichukua muda. Alipomaliza aliniambia kwamba ukipiga nduru kila siku, siku nyumba yako itakaposhika moto majirani watadhani unauza kochi. Kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kwa mpangilio ule. Linakaa watu wangapi? Mbao ni za mti gani? Sponji ikibonyea, unaibadilisha au unampa mtu pole? Linapita mlangoni?

Hilo la mlango lilinishtua, kwa sababu milango ya nyumba zetu ni myembamba, na nilishawahi kufika mahali nikakata mguu wa kochi kwenye ngazi mbele ya mwenyewe. Tangazo tulilolitoa siku ile lilikuwa hivi: "Kochi la watu watatu. Mbao ni saiprasi. Linapita kwenye milango ya Umoja. Ukitaka rangi nyingine utasubiri wiki mbili." Niliona ni tangazo la kufukuza watu. Mteja wa kwanza alipopiga simu hakuniuliza lolote kuhusu uzuri. Aliuliza, "Ni kweli linapita?"

Karani hakuchukia alama ya mshangao peke yake. Alichukia maneno "ya kisasa" na "ubora wa hali ya juu." Ukimwambia bei ni poa, aliuliza ni poa kwa nani. Mzee mmoja mchonga vinyago kutoka Ukambani, aliyekuwa akiimba kwaya moja na Karani, alimletea maelezo ya Kiingereza aliyokuwa ameyanakili kwenye ukurasa wa hoteli fulani. Yalisema kila kinyago chake kinapumua roho ya Afrika. Karani alimwomba amlete huyo anayepumua. Mzee akatoa twiga kwenye mfuko wa gunia, akamsimamisha juu ya meza. Wakamtazama wote wawili.

"Huyu ameegemea upande," Karani akasema.

"Ni mti. Jakaranda ikikauka inajivuta kidogo."

"Lakini anasimama?"

"Anasimama. Hata ukigonga meza."

Karani akagonga meza. Twiga akasimama. Wakaandika: "Twiga wa jakaranda, urefu wa mkono wa mtu mzima. Ameegemea kidogo upande wa kushoto. Anasimama." Twiga huyo alinunuliwa na mtu aliyeandika kutoka mbali kwamba anamtaka huyohuyo aliyeegemea, asibadilishiwe. Baada ya hapo mzee akaanza kuwachonga wakiwa wameegemea makusudi. Karani alipogundua alimwita, akamwambia huo sasa ni uongo kwa mbao. Walinuniana mazoezi mawili ya kwaya.

Kuhusu picha alikuwa na msimamo mmoja: saa nne asubuhi, karibu na dirisha, na usimwonyeshe mteja kitu ambacho hatakipokea. Jirani yetu Mama Salma aliuza madera, na hakutaka uso wake wala wa binti zake uonekane mtandaoni. Vijana walimwambia dera bila mtu ndani yake halinunuliki. Karani alimwambia alitundike kwenye grili ya dirisha, apige picha ya mbele, ya nyuma, ya pindo na ya mshono wa ndani, halafu aweke rula pembeni. Dera moja lilikuwa na doa dogo karibu na shingo. Mama Salma alitaka kulikunja lisionekane. Karani akasema doa lipigwe picha yake peke yake. Katika madera kumi yaliyowekwa juma lile, lenye doa ndilo lililonunuliwa kwanza, na mwanamke wa Kayole aliyesema alikuwa anatafuta la kuvalia jikoni.

Mambo ya neno la siri aliyachukulia kama mambo ya daktari. Ukitaka kufungua ukurasa wako kwenye kompyuta yake, aligeuza kiti akatazama ukuta mpaka useme umemaliza. Mwuza mitungi ya gesi mmoja hakuelewa heshima hiyo, akampigia kelele neno lake lote kutoka kompyuta ya mwisho, herufi kwa herufi, ili Karani amsaidie kuliandika. Watu watano kwenye benchi walilisikia. Karani hakugeuka. Akamwambia, "Sasa badilisha, kisha uniite." Yule mtu akabadilisha, akampigia kelele tena ili kumjulisha limekuwa nini. Walishinda hapo mpaka saa sita.

Hata stima ilipopotea hakufunga. Alitoa karatasi, akachora simu, akamwambia aliyekuwepo aandike tangazo lake ndani ya hilo dirisha dogo alilolichora. Alisema anayeweza kulitoshesha hapo kwa kalamu atalitoshesha popote. Na mlangoni pake alibandika matangazo yake mwenyewe, aliyoyapiga taipu kwa herufi kubwa. Mume wake alipofariki tulidhani atafunga mwezi mzima. Siku ya tatu baada ya mazishi nilipita nikakuta mlango wazi na karatasi: "Nimefiwa. Nimerudi. Printa haifanyi kazi." Niliingia kumpa pole. Aliipokea, akasema asante, kisha akaniuliza kama nilikuja kuchapisha, maana ameandika pale nje kwamba haiwezekani. Alikuwa amevaa sweta ya mume wake. Mikono ilikuwa mirefu, akaikunja mara mbili ili kuvifikia vitufe.

Simfanyi malaika. Alituambia mteja akiuliza swali ajibiwe kabla chai haijapoa, lakini kabambe yake ililia ndani ya droo mpaka ikachoka, naye anakunywa chai. Nilimuuliza siku moja. Akasema kujibu ni kwa anayeuza, naye haiuzii droo chochote. Alituambia tusipoteze muda na ugomvi wa watu mtandaoni, lakini kila siku saa saba, akishakula githeri yake, alifungua ukurasa mmoja wa mapishi na kusoma watu wasiojuana wakitukanana juu ya pilau. Aliwajua wote kwa majina. Ukimkuta alisema ni utafiti. Na alikuwa mkali kupita kiasi. Wapo walioingia humo na tangazo la furaha wakatoka kama watu waliofeli mtihani, na si wote waliorudi. Akiambiwa hivyo alisema, "Mimi sikumtukana. Nilimsahihisha." Hakuona tofauti ambayo sisi tuliiona.

Baada ya mwaka mmoja hivi mimi mwenyewe nilimchoka. Biashara ilikuwa imekaa vizuri, ukurasa wangu una wafuasi wa kutosha, nikaona najua. Shemeji yangu akanitia maneno. Alisema picha za makochi yangu zinaonekana kama zimepigwa nyuma ya ukuta. Nikamwambia zimepigwa nyuma ya ukuta. Akasema hapo ndipo tatizo lilipo. Akanitafutia picha nyingine mtandaoni: kochi la kona, rangi ya kijivu, miguu ya dhahabu, na nyuma yake dirisha kubwa. Nje ya dirisha kulikuwa na theluji. Tukaiposti. Watu waliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo anayeishi Donholm, aliliagiza. Nilijitahidi. Niseme ukweli, nilijitahidi kwa haraka, kwa sababu niliahidi wiki moja kazi ya wiki tatu. Kitambaa cha kijivu hakikutosha nikaunga nyuma. Miguu niliipaka rangi ya dhahabu kwa brashi. Tulimpelekea Jumamosi, hakuwepo, dada yake akatupokea. Jumapili mchana mwalimu akaweka picha mbili pamoja kwenye ukurasa wangu, ile ya theluji na ile aliyoipiga sebuleni kwake, na chini yake maneno manne: "Niliagiza hii. Nimeletewa hii."

Kufikia Jumatatu watu nisiowajua walikuwa wamezisambaza kila mahali. Mmoja aliandika kwamba kochi la pili linaonekana limetoka vitani. Simu zilizoingia zilikuwa za watu wanaouliza kama mimi ndiye wa vita. Kanisani mzee wa kuongoza watu vitini alinionyesha kiti akasema, "Hiki ni salama," nao waliokuwa karibu wakainamisha vichwa. Wiki tatu hakuna aliyeagiza hata stuli. Nilikuwa nikifika kwenye karakana nakaa juu ya gogo natazama nyundo. Nilimwambia mke wangu tufunge turudi kwetu Mwingi. Alisema, "Huko nako wana simu."

Shemeji yangu akaja na dawa. Aliwaambia marafiki zake waandike sifa. Watu saba waliandika kati ya saa nane na saa tisa za siku moja, wote wakisema huduma ni safi na fundi ni mnyenyekevu. Mmoja alisifu keki zangu.

Ndipo nikarudi kwa Karani. Sikumweleza kitu. Nilimfungulia ukurasa, nikakaa kwenye benchi. Alisoma kuanzia juu mpaka chini bila kuruka, akapanda tena juu, akatulia mahali.

"Hii keki ni ya nani?"

"Ni makosa, Karani."

"Hapa pote ni makosa. Nauliza ya keki."

Nikamwambia. Akasema tuanze na hao saba, watoke kabla sijakaa naye meza moja. Nilimpigia shemeji, akawaomba wakafuta, mmoja mmoja, na yule wa keki alikuwa wa mwisho kwa sababu alikuwa amesahau alikoandika. Kisha Karani akarudi kwenye zile picha mbili za mwalimu. Akatikisa kichwa. "Huyu mama anajua kuandika," akasema. "Maneno manne."

Akaniambia niandike jibu. Nikaandika ukurasa mzima: kitambaa kilivyokosekana, mtu wa mbao alivyonichelewesha, picha ilivyochaguliwa na mtu mwingine. Akafuta. Nikaandika kwamba tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.

"Uliojitokeza wapi?" akasema. "Umeutengeneza wewe, kwa nyundo."

Akafuta. Tulikaa hapo mpaka benchi ikajaa ikaisha tena. Jibu lililobaki lilikuwa hili: "Mwalimu, ile picha si kazi yangu, niliitoa mtandaoni. Kochi nililokuletea ndilo kazi yangu, na sikulifanya vizuri. Nitakuja Jumanne kulichukua nilifanye upya. Kama hulitaka tena, niambie."

Nililitazama. Jasho lilinitoka kama niko mbele ya hakimu.

"Bonyeza," Karani akasema.

"Watanicheka."

"Wanakucheka sasa. Hii ni kuwapa kitu kingine cha kusoma."

Kisha akainuka akaenda kumtolea mtu kopi ya kitambulisho, akaniacha na kile kitufe. Nafikiri aliondoka makusudi. Nikabonyeza.

Jumanne nilikwenda Donholm na mkokoteni na mtu wa kunisaidia kubeba. Mwalimu alifungua mlango mwenyewe.

"Wewe ndiye wa theluji?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Nilitaka kuona kama utakuja." Hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Sebuleni alikuwa amelifunika kochi langu kwa shuka, na wageni wake walikuwa wamekalia viti vya plastiki. Alitusaidia kulitoa. Lilipita mlangoni, hilo peke yake lilikuwa sawa.

Nililifungua lote. Karani alinitaka nipige picha kila hatua na kuiweka pale pale waliponicheka: mbao zikiwa tupu, springi, sponji, kitambaa kabla hakijashonwa. Nilisema ni kama kumvua mtu nguo sokoni. Akasema ndiyo, na kochi limekubali. Watu waliokuwa wanapita kunicheka walianza kubaki. Mmoja akauliza hiyo sponji ni ya unene gani. Mwingine akauliza mbona springi zimefungwa kwa kamba, nikamweleza, akauliza tena. Yule aliyesema limetoka vitani aliandika kwamba sasa linapona. Baada ya wiki tatu nililirudisha. Mwalimu alilikalia, akainuka, akakalia upande wa pili, akamwita dada yake akalikalia. Siku mbili baadaye akaweka picha moja na maneno mawili: "Sasa linakalika."

Hayo maneno mawili yameniletea kazi kuliko kitu chochote. Hata leo kuna wateja wanaokuja wakisema walinipata kwenye ile aibu. Nilipokwenda kumshukuru Karani nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Alinisikiliza mpaka katikati, akauliza, "Ile picha ya theluji umeitoa?"

Sikuwa nimeitoa. Akageuza kiti akatazama ukuta mpaka nikasema nimemaliza.

Saiba ilikwisha kidogokidogo. Simu nzuri zikawa rahisi, kila mtu akawa na kompyuta mfukoni, fomu zikajazwa kitandani. Siku nyingine nilipita nikamkuta peke yake na watu wa pilau. Mwishoni nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli na karatasi imebandikwa: "Nimefunga. Si ugonjwa. Watu hawaji." Nikasikia amehamia Kware kwa binti yake, ghorofa ya nne. Nilisema nitakwenda kumwona. Ni maneno ambayo kila mtu huyasema.

Nilimwona tena mwaka uliopita, mahali ambapo sikumtarajia. Kulikuwa na mafunzo ya bure ya kuuza mtandaoni katika ukumbi wa kanisa moja Kayole. Nilikwenda kwa sababu mke wangu alisema kunakuwa na chai. Mkufunzi alikuwa kijana mchangamfu, anayetembea huku na huku, anayetusalimu "niaje wasee" kama vijana wenzake kila baada ya dakika chache. Safu ya tatu, mbele kabisa ya wazee wote, alikuwa Karani, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi, daftari jipya juu ya magoti. Alikuwa anaandika kila kitu. Nikajisogeza nikakaa nyuma yake.

Kijana alifundisha mambo mengi niliyoyasikia zamani katika kile chumba, kwa maneno mengine na rangi nyingi. Kisha akafika kwenye video. Alisema biashara inayofanya kazi kwa mikono, kama ususi, isiweke picha za kumaliza tu. Mwenye biashara aonekane anafanya, anaongea, anacheka na mteja wake. Watu hununua kwa mtu waliyekwisha kumsikia sauti.

Karani akainua mkono.

"Sema, shosho," kijana akasema kwa heshima yote, kama anayemwita bibi yake.

"Hata kama anacheka sana?"

"Hasa kama anacheka sana."

Akaandika hilo. Kisha akapiga mstari chini yake. Baada ya hapo hakuandika kitu tena.

Wakati wa chai nilimletea kikombe. Alinitambua, akauliza hali ya mke wangu na ya mbao. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia yule kijana kwamba yeye alitufundisha haya yote miaka mingi iliyopita. Akasema hakuja kufundisha. Alikuja kusikia kama alikuwa anakosea.

"Na?"

"Kuna mahali nilikosea."

Akaniambia, akitazama kikombe. Alikuwapo msusi mmoja, mwanamke kijana wa hapahapa Kayole, aliyemjia kwenye saiba na video zake. Ndani ya video hizo alikuwa anasuka huku anapiga hadithi, anacheka, wateja wanacheka, redio inaimba. Karani alimwambia azifute zote. Alimwambia mteja anataka nywele, hataki kelele. Aweke picha safi za kichwa kilichomalizika, kwa nyuma na kwa pembeni. Yule mwanamke alisikiliza, akasema sawa, akaondoka machozi yakimlengalenga. Hakurudi tena.

"Nilidhani ni machozi ya mtu aliyeelewa," Karani akasema. "Lakini sikuwa na amani. Mara nyingi nimemwombea, bila kujua naombea nini. Leo nimejua. Nilimfungia biashara."

Nikamwambia hajui kama ilifungwa. Akasema ndiyo maana tunakwenda kuangalia.

Hatukurudi ukumbini. Alikumbuka jengo ambalo msusi alilitaja kwenye video zake, liko Spine Road, juu ya duka la dawa. Tulitembea polepole. Njiani aliniambia atakachosema, akakipanga upya, akaondoa maneno, mpaka kikabaki kifupi. Kwenye ngazi alipumzika mara mbili. Mara ya pili alisema kama tukikuta ni ofisi ya mtu mwingine, nisimwambie tugeuke, yeye mwenyewe ndiye atakayesema.

Tulisikia kicheko kabla hatujaufikia mlango. Ndani kulikuwa na wasusi watatu na vichwa vitatu, na katikati, mbele ya simu iliyosimamishwa kwenye kigingi, mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka alikuwa anasuka na kuisimulia ile simu habari ya mama mkwe wa mtu. Alipotuona akasema, "Karibuni, kaeni," bila kusimamisha vidole. Kisha akamtazama Karani mara ya pili, akaizima simu.

"Wewe ni mama wa saiba ya Umoja."

"Ni mimi," Karani akasema. Alibaki amesimama. "Nimekuja kukuambia kwamba nilikupa ushauri mbaya. Nilikuambia ufute video zako. Nilikosea. Naomba unisamehe."

Msusi akakiweka kitana chini.

"Mama, mimi sikuzifuta."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nilitoka kwako nikilia, nikafika hapo nje nikajiambia, huyu mama anajua kupiga taipu, hajui nywele."

Mmoja wa wateja alikohoa. Karani akatafuta kiti, akakaa. Akaweka mikono juu ya daftari.

"Mbona hukurudi kuniambia?"

"Ungenisahihisha."

"Ningekusahihisha," Karani akakubali. Kisha akasema, "Miaka yote hii nimekuombea."

"Asante, Mama. Labda maombi yako ndiyo yaliyonisaidia."

Msusi akamwuliza Karani kama anataka soda, naye akasema maji yanatosha. Aliyanywa yote. Nilidhani sasa tutaaga. Lakini Karani alisogeza kiti karibu na kile kigingi cha simu, mahali ambapo angeona vidole na uso pamoja, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe juu yake, akainua kalamu.

"Endelea na ile ya mama mkwe," akasema. "Lakini kabla hujawasha, niambie. Unaanza na neno gani?"